Mke wangu hataki kutoka nje hadi Aprili: tutembee wapi Januari hii Ottawa?

SWALI: Dada, habari za mwaka mpya. Niko Ottawa, Kanada, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Mke wangu alifika Oktoba kutoka Tanga, ambako alikuwa mwalimu. Tarehe 1 Januari nilimtoa matembezi, tukaanzia Bungeni tukashuka hadi kando ya mto. Ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo mkali. Alivaa koti zuri nililomnunulia, hijabu yake ya kila siku, buti za ngozi na soksi za pamba jozi mbili. Hatukufika mbali akaanza kulia, akasema vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nikamwambia atazoea. Tangu siku hiyo amegoma, anasema nje ataiona Aprili. Wikiendi ndiyo nafasi pekee tunayokuwa pamoja, nami sitaki iishie kila mtu na simu yake. Nikiwa kwenye basi huwa naona wenzetu na wake zao wanateleza kwenye mfereji, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuvaa viatu vile. Twende wapi, kwa pesa kidogo, na je, ni salama? (Mume wa Ottawa)

JIBU: Kaka, heri ya mwaka mpya kwako na kwa wifi yangu. Kabla sijakutajia hata sehemu moja ya kwenda, nataka ujue kwamba mkeo hakudeka. Vidole kufa ganzi ni dalili ya hatari, na siku ile aliyeusoma mwili wake sawasawa ni yeye. Wewe una majira sita ya baridi mwilini. Unajua kugeuza uso upepo ukija, unajua kuweka mguu kwenye barafu bila kufikiri, hata kupumua umejifunza upya bila kujitambua. Yeye ametoka Tanga, ambako Januari watu wanatafuta kivuli. Kumwambia "utazoea" wakati hasikii vidole ni kumwambia avumilie kuumia. Muombe radhi kwa neno hilo, kwa maneno yaliyonyooka, kabla hamjapanga safari nyingine.

Halafu kuna jambo katika barua yako ambalo wewe umelitaja kama kasoro, mimi nikaliona ndilo dawa: hujawahi kuvaa viatu vya kuteleza. Kwenye matembezi ya tarehe 1 wewe ulikuwa mwenyeji na yeye mgeni, wewe mbele yeye nyuma, wewe unajua njia yeye anafuata. Mtu mzima, tena mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya darasa, hawezi kufurahia kuwa mwanafunzi wa mume wake kila anapofungua mlango. Juu ya barafu nyote wawili mtakuwa hamjui. Mtashikana mikono kwa sababu mnahitajiana kweli. Ninafundisha wageni kuteleza na kutembea kwenye theluji hapa mjini, na nimeona mara nyingi kwamba wanandoa wanaoanza jambo wakiwa sawa ndio wanaorudi wiki inayofuata.

Sasa tuanze na miguu, maana matembezi yenu yaliharibikia pale.

Mwili ukipoa hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili moyo na viungo vya ndani vibaki na joto. Ndiyo maana vidole hutangulia kulalamika hata kama koti ni zuri. Buti za ngozi za mjini zina soli nyembamba, na lami iliyoganda hunyonya joto kupitia soli hiyo kila unapokanyaga. Soksi mbili ndani ya kiatu kilichopimwa kwa soksi moja hubana mguu, damu ikazidi kupungua. Na pamba, rafiki yetu mkubwa kule nyumbani, hapa ni adui: inakunywa jasho, inabaki imelowa, na kitambaa kilicholowa hupoza ngozi haraka mno. Kwa hiyo soksi iwe jozi moja, nene, ya sufu. Buti ziwe za majira ya baridi zenye bitana ya kutoka au manyoya ndani, kubwa kidogo kuliko namba yake ya kawaida, kiasi kwamba akiwa amezivaa anaweza kukunja na kukunjua vidole vyote bila shida. Hicho ndicho kipimo: vidole vikicheza, buti inafaa.

Kama pesa ni kidogo, tumia nyingi kwenye buti na nunua vilivyobaki mitumbani. Maduka ya mitumba ya Ottawa yamejaa suruali za theluji, sweta za sufu na viatu vya kutelezea, kwa sababu watoto wa huku hukua na watu wazima hubadilisha michezo. Buti za mitumba mimi sizipendekezi kwa mtu wa mara ya kwanza. Soli iliyochoka haionekani kwa macho, na bitana iliyolala haipashi joto tena.

Mwilini anahitaji tabaka tatu. La kwanza linagusa ngozi: fulana ya mikono mirefu na suruali nyembamba ya ndani, za sufu laini au poliesta, kamwe zisiwe za pamba. La pili ni la kutunza joto, sweta ya sufu au flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi. La tatu ni koti la kuzuia upepo, ambalo tayari mnalo. Wageni wengi hununua koti la gharama kubwa wakavaa chini yake fulana ya pamba na jinzi, kisha wakashangaa. Jinzi kwa kawaida ni pamba. Akitoka mlangoni awe anasikia ubaridi kidogo, maana akianza kutembea atapata joto. Akitoka akiwa amejaa joto atatoka jasho, na jasho hilohilo litamgeuka mkisimama.

Hijabu ya pamba au shifoni haitoshi, na ile sehemu inayopita mdomoni hulowa kwa pumzi na kuganda. Avae kwanza ile ya kuvuta kichwani iliyoshonwa kwa kitambaa cha michezo, inayokauka upesi, kisha juu yake mfuko wa shingo wa sufu anaoweza kuupandisha hadi puani na kuushusha, halafu kofia. Kama amesukwa nywele nene, atafute kofia pana yenye bitana ya satini. Sufu ikisugua nywele zetu moja kwa moja huzikata, na dada wengi huacha kuvaa kofia kwa sababu hiyo, masikio yakaumia. Hereni kubwa za chuma azivue, zinapeleka baridi kwenye ndewe ya sikio. Kama huvaa baibui au gauni refu, siku ya kuteleza avae suruali ya theluji na koti linaloishia magotini au juu yake kidogo, kwa sababu pindo likiingia chini ya chuma cha kiatu ataanguka vibaya. Mikononi, glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja zina joto kuliko zile za kila kidole na nyumba yake. Usoni, mafuta mazito ya mgando, apake kidogo kabla ya kutoka. Simu zenu ziwekeni mfuko wa ndani karibu na mwili, betri hufa upesi sana kwenye baridi.

Umeuliza kama ni salama. Ndiyo, mkijua kusoma namba mbili. Ya kwanza ni halijoto, ya pili ni ile inayojumlisha upepo, na hii ya pili ndiyo inayohusu ngozi yake. Idara ya hali ya hewa ya Kanada inasema kwamba namba ya upepo ikiwa kati ya 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika kati ya 40 na 47, ni dakika 5 hadi 10 tu. Nyuzi 18 chini ya sifuri kando ya mto, upepo ukivuma bila kizuizi, huingia kwa urahisi kwenye eneo hilo la kwanza. Mlichagua siku ngumu na mahali pagumu kwa pamoja. Kwa mwezi huu wa kwanza wekeni mpaka wenu: namba ya upepo ikipita 20 chini ya sifuri, mnakwenda sehemu yenye paa. Wastani wa mchana wa Januari hapa ni karibu nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, kwa hiyo siku zinazofaa zipo nyingi.

Na mjifunze kutazamana usoni. Vipeperushi vingi vinasema ngozi inayoanza kuganda huwa nyekundu, kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona sehemu imefifia, imekuwa ya kijivu kama ina majivu, au inang'aa kama nta, hasa ncha ya pua, mashavu na masikio. Yeye mwenyewe hataisikia, kwa sababu ganzi imeshaingia, na ndiyo maana mnahitaji macho ya mwenzako. Ukiiona, ingieni ndani mara moja. Usisugue, usipake theluji, usimweke karibu na hita au moto, kwa sababu ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Funika pua kwa kiganja chenye joto, weka vidole kwapani, au tumia maji ya uvuguvugu. Rangi na hisia zisiporudi, au malengelenge yakitokea, nendeni hospitali.

Jambo jingine ni mwanga. Mwanzoni mwa Januari jua la Ottawa linachomoza karibu saa mbili kasoro robo asubuhi na kuzama yapata saa kumi na nusu jioni. Wewe unayefanya kazi usiku unaweza kupita wiki nzima bila kuliona, na yeye akikaa ndani mapazia yakiwa yamefungwa atakuwa hivyohivyo. Matembezi yenu ya kwanza yawe kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, wakati ambao kuna mwanga mwingi na baridi imelegea kidogo. Jua la huku majira haya ni hafifu mno kuufanya mwili utengeneze vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi, kwa hiyo muulizeni daktari au mfamasia kuhusu vidonge. Na ukiona huzuni yake inazidi wiki kadhaa, halali, hali, hazungumzi na nyumbani, hilo si suala la koti tena. Mpeleke kwa daktari.

Sasa twende nje.

Mfereji unaouona ukiwa kwenye basi usiwe mwanzo wenu. Kwanza, wiki za mwanzo za Januari mara nyingi haujafunguliwa. Pili, ni mrefu na uko wazi kwa upepo, na anayeanza akichoka katikati hana ukuta wa kushika. Anzeni kwenye uwanja wa barafu ulio mbele ya Ukumbi wa Jiji, pale Laurier, unaoitwa Rink of Dreams. Barafu yake inagandishwa kwa mitambo, kwa hiyo haingoji baridi kali kama mfereji. Kuingia ni bure, ni mdogo, na jengo la jiji liko hatua chache tu, mnaingia kuvaa viatu na kupasha miguu. Kwa mtu aliyeogopa baridi, kuuona mlango wa joto muda wote ni nusu ya starehe. Uwanja mwingine wa aina hiyo uko Lansdowne. Baridi ikishika kuna viwanja vya mitaani pia, zaidi ya 200, vingi vikitunzwa na wakazi wanaojitolea kumwaga maji usiku. Huenda kimoja kiko karibu na kwenu na hujawahi kukiona kwa sababu unalala mchana.

Kufunga viatu kuna siri ambayo hakuna anayekuambia dukani. Kaa chini, sukuma kisigino hadi nyuma kabisa, ukigonge sakafuni. Kamba za vidoleni ziache zimelegea kiasi cha vidole kucheza. Kuanzia katikati ya mguu anza kukaza, na pale kifundo cha mguu kinapopinda kaza kwa nguvu zako zote, kisha juu legeza kidogo ili uweze kukunja goti. Anayeanza hukaza chini na kulegeza juu, miguu ikapata ganzi na vifundo vikalala upande, akadhani hana kipaji. Mfungie wewe ukiwa umepiga magoti mbele yake, kisha yeye akufungie wewe. Mtaona tofauti ya siku hiyo na ile ya tarehe 1.

Mkisimama, kunjeni magoti mpaka msikie kazi kwenye mapaja, macho yatazame mbele, mikono iwe mbele usawa wa kiuno. Elekeza ncha za viatu nje, piga hatua fupifupi za kutembea, bila kujaribu kuteleza. Kuteleza kutakuja kwenyewe mkiacha uzito wa mwili uhamie mguu mmoja kabla ya mwingine. Ukisikia unaanguka, chuchumaa na ujiachie kwa upande, kwenye paja na nyonga. Usijitupe nyuma, wala usinyooshe mkono kuzuia, maana vifundo vya mikono ndivyo huvunjika. Kuinuka: piga magoti yote mawili, simamisha mguu mmoja, weka mikono miwili juu ya goti hilo, sukuma. Mmoja akianguka mwingine asimvute. Amuachie nafasi, asimame karibu, amngoje. Kumvuta ndiko kunakowaangusha wote wawili, na mkeo anahitaji kujua kwamba anaweza kujiinua mwenyewe. Vaeni helmeti za hoki, hata kama watu wazima wengine hawajavaa.

Siku ya kwanza iwe fupi kuliko mnavyotaka. Ondokeni wakati bado anasema "mzunguko mmoja tu." Mume mwenye hamu, akishaona mke ameanza kucheka, hutaka kuongeza saa nzima, na saa hiyo ndiyo inayorudisha machozi. Na kuanzia sasa hadi Machi wekeni sharti moja: anayesikia baridi zaidi ndiye anayesema turudi, na akisema, mnarudi bila mjadala. Akishaamini kwamba hilo ni kweli, ataacha kuogopa mlango.

Baada ya wikiendi chache nendeni Rideau Hall, makazi ya Gavana Mkuu wa Kanada, anayemwakilisha Mfalme. Ndani ya uwanja wake kuna barafu ya kuteleza iliyoanzishwa na Lord Dufferin, Gavana Mkuu wa wakati huo, mwaka 1872, na wikiendi za katikati ya majira ya baridi wananchi hufunguliwa waingie bure. Napenda sana mahali pale. Miti mikubwa inazuia upepo, kuna kibanda cha kupasha joto, na kuna heshima fulani katika kufunga kamba za viatu kwenye uwanja wa Gavana Mkuu bila mtu kukuuliza umetoka wapi. Mpigie picha wifi hapo, aitume Tanga. Mama yake akiona anatabasamu mbele ya theluji, simu za wasiwasi zitapungua.

Halafu ndipo mfereji. Mfereji huo, uitwao Rideau, ulichimbwa chini ya usimamizi wa Kanali John By na kufunguliwa mwaka 1832, una urefu wa kilomita 202 hadi mji wa Kingston, na tangu 2007 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sehemu ya kuteleza ndani ya jiji ni kilomita 7.8, kutoka karibu na Bunge kupita Dows Lake hadi malango ya maji ya Hartwells, na watu wameiteleza rasmi tangu Januari 1971. Barafu inatakiwa iwe na unene wa takriban sentimita 30, tena iwe barafu nzuri, ndipo watu waruhusiwe. Wafanyakazi hutoboa matundu na kupampu maji juu ili yagande na kuongeza unene, kazi inayofanyika usiku wakati baridi ni kali. Wewe mtu wa zamu ya usiku unaijua hali hiyo. Majira ya 2022 hadi 2023 haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu uanze, kwa sababu joto lilikuwa juu. Mwaka uliofuata ulifunguliwa kwa siku chache tu. Mimi huwaambia wageni: ukifunguka, usiseme "wiki ijayo."

Mkifika, tazameni bendera. Ya kijani maana yake pamefunguliwa, nyekundu pamefungwa, na sehemu moja inaweza kuwa wazi huku nyingine imefungwa. Nyekundu ni nyekundu hata kama mnaona mtu anateleza. Viatu vinakodishwa palepale, na vipo vibanda vya kubadilishia. Msijaribu kumaliza kilomita zote. Nendeni kutoka ngazi moja hadi ngazi ya pili, mpumzike, mrudi. Upepo ukiwa unavuma, anzeni kwa kwenda nao usoni ili wakati wa kurudi, mkiwa mmechoka na mna jasho, uwe mgongoni. Njiani mtanunua BeaverTail, unga wa ngano uliokandwa, ukavutwa mrefu na bapa, ukakaangwa na kunyunyiziwa sukari na mdalasini. Wifi akiuma mara moja tu atatambua kwamba ni ndugu wa andazi, na nadhani atakuwa na maoni kuhusu iliki iliyokosekana.

Siku ambazo hamtaki viatu vya chuma, kuna msitu. Njia za bure za ukanda wa kijani unaoizunguka Ottawa, kama Jack Pine upande wa magharibi, zinapita kwenye misonobari na mabwawa yaliyoganda juu ya madaraja ya mbao. Nyuzi 12 chini ya sifuri ndani ya miti ni laini kuliko nyuzi 6 juu ya daraja la mto, hilo mtalisikia wenyewe mashavuni. Fungeni vyuma vya kung'ata barafu chini ya buti. Simameni kimya kidogo, na kuna ndege mdogo mwenye utosi mweusi na mashavu meupe, chickadee, atakuja karibu kabisa kuwatazama. Ndege huyo ana uzito wa gramu kumi na kidogo, na usiku wa baridi hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kumi au zaidi ili atunze akiba yake ya mafuta hadi asubuhi. Mwalimu wa Tanga atapenda habari hiyo.

Mkipata mwenye gari, vukeni mto kwenda hifadhi ya Gatineau upande wa Quebec, kilomita za mraba 361 za vilima na maziwa. Pale mnaweza kukodi raketi za kufunga chini ya buti ili msizame kwenye theluji. Hazihitaji ujuzi wowote. Anayeweza kutembea anaweza. Njia za raketi na za kuskii zinalipiwa kwa siku, kwa hiyo ihesabuni kama safari ya mara moja kwa mwezi.

Siku za baridi mbaya hazijapotea. Alhamisi jioni, kuanzia saa kumi na moja, Makumbusho ya Sanaa ya Taifa na Makumbusho ya Historia ya Kanada ng'ambo ya mto huwa na saa za kuingia bure. Angalieni tovuti zao kabla ya kutoka. Mnaweza kwenda kabla ya zamu yako. Na ikifika Februari kuna Winterlude, tamasha lililoanza mwaka 1979, lenye sanamu za barafu mjini na vilima vya theluji vya kutelezea katika bustani ya Jacques-Cartier. Wakati huo wifi atakuwa na buti zilizomzoea, na huenda yeye ndiye atakayekuvuta wewe utoke kitandani.

Onyo moja ambalo sitalilegeza: msikanyage mto, ziwa au bwawa lolote ambalo halijafunguliwa rasmi, hata kama limefunikwa theluji na lina nyayo za watu. Theluji juu ya barafu ni blanketi, inazuia barafu isinenepe, na maji yanayotembea chini huila kimyakimya. Karibu na madaraja na mahali maji yanapoingia ndipo pabaya zaidi.

Jumamosi hii, basi, kama namba ya upepo haijapita 20 chini ya sifuri, lala mapema ukitoka zamu, amka saa nne, mle kitu cha moto, muwe pale Ukumbi wa Jiji kabla ya adhuhuri. Bebeni chupa ya chai ya tangawizi, na jozi moja ya soksi kavu za kila mmoja, mtabadilisha mkivua viatu vya kutelezea. Mkienda mitumbani kuvitafuta, chukueni namba moja au moja na nusu chini ya zile za viatu vya kawaida, vivaeni mkiwa na soksi moja nyembamba ya sufu, na kabla ya siku yenyewe vipelekeni dukani vikanolewe. Chuma butu hakishiki barafu, na mtalaumiana bure.